Vinia Ilivimba, Nikamsingizia Shemeji

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nina jambo limenikaa kooni.

Mimi ni seremala, nafanya kazi na shemeji yangu, mume wa dada, yeye anaunganisha mimi nabandika vinia, lile ganda jembamba la mbao nzuri juu ya ubao wa kawaida, na mwezi uliopita tulimtengenezea mkunga mmoja kabati la nguo, shemeji akaniambia nitumie gundi nyeupe na nibane milango hadi kesho yake, mimi kwa haraka zangu nikapaka gundi ya mpira, ile inayoshika papo hapo, na baada ya wiki mbili mkunga akaniita, nikakuta milango imetoka malengelenge kama ngozi iliyoungua. Akauliza kulikoni. Nikasikia mdomo wangu ukisema shemeji alinunua mbao mbichi. Mkunga akaja kumsema mbele ya wateja, naye akakusanya randa zake akaondoka, na sasa dada hapokei simu zangu.

Nilipobaki peke yangu karakana nikaanza kujiuliza, nikakata vipande vinne kutoka ubao uleule, viwili nikabandika kwa gundi nyeupe, viwili kwa ya mpira, nikaviweka dirishani juani, na siku ya tatu vya mpira vilikuwa vimevimba, vingine vimetulia tuli. Hakuna anayejua ila mimi. Gundi ipi ni ya kazi ipi, na je, lazima niseme?

Seremala Mwenye Haya

*

Seremala, nakupongeza kwa kupima. Lakini ukweli uliujua kabla ya kushika msumeno, ndiyo maana uliushika.

Nimemuuliza fundi anayetutengenezea viti hapa ofisini. Gundi ya mpira si mbaya, anasema, ila unaipaka pande zote mbili na kusubiri mpaka isinate kidoleni. Ukiwahi, mvuke wake unanaswa chini ya vinia, na joto likija unaiinua. Vinia ya mbao ipe gundi nyeupe, tabaka jembamba, ubane hadi kesho, kama ulivyoambiwa. Viungo vya fremu na miguu vilevile. Ya mpira huko huachia taratibu. Milango ya mkunga usiitie viraka. Bandua vinia yote, piga msasa gundi ya zamani iishe, anza upya.

Swali la pili halihitaji fundi. Anza kwa mkunga, maana kwake ndiko ulikomchafua mwenzio. Kisha nenda kwa dada yako, umwambie shemeji, “Mbao zako zilikuwa kavu. Nilikusingizia.” Usijitetee kwa haraka wala kwa wateja. Akikufungia mlango, rudi Jumamosi.