Shikamoo ya Mama Evelina

Buswelu, Mwanza
12 Novemba 2024

Mama yangu mpendwa, Mwalimu Evelina,

Salamu nyingi zikufikie hapo Sengerema pamoja na wote ulio nao nyumbani. Natumaini mguu umepungua uvimbe, na kwamba dawa za presha unazimeza kila siku, si zile siku za kuumwa kichwa tu. Sisi huku Buswelu tu wazima. Mkweo Gladness na watoto wanaendelea vizuri kwa kadiri wafiwa wanavyoweza kuendelea vizuri. Mvua zimeanza, barabara yetu imeshageuka tope, na mimi fundi redio nashinda ndani nikingoja umeme urudi.

Utakuwa umeshaona, maana wewe ni mwalimu na jicho lako halipitwi na kitu, kwamba nimekusalimu bila kukuamkia. Sikusahau, wala sijapoteza adabu. Nimeiacha shikamoo makusudi, na ukifika mwisho wa barua utajua kwa nini. Nakuomba tu uvumilie mpaka ufike huko.

Gladness amenipa ujumbe wako. Anasema unataka ile filamu waliyoonyesha kipande chake kwenye televisheni, Jumamosi ile ya Marehemu Wote, niilete kwenye flashi pamoja na spika kubwa, ili tarehe 14 Desemba, tukishaweka msalaba kwenye kaburi la mwanao Antoni, ukoo mzima umsikie akikuamkia kwa mara ya mwisho. Anasema na yule mama wa televisheni aliyetengeneza kipindi ameomba aje na kamera yake. Nimekaa na ombi hilo siku nne. Ungeniomba kitu kingine chochote, mama, ningekuwa nimeshapanda kivuko cha Kamanga. Hili siwezi kulifanya, na sababu yake siwezi kukueleza kwa simu. Simu ina sauti, na sauti ndiyo iliyoniponza.

Najua kipindi chenyewe, kile cha kuwakumbuka wasanii waliofariki, ulikitazama. Mimi nilikitazamia Kirumba, kwenye lile banda la video ambako Antoni alianzia kazi, na watu walikuwa wamejaa mpaka mlangoni. Walianza na yule mwigizaji Josepha, aliyeigiza mama mkwe mbaya miaka ishirini hadi wauza nyanya sokoni wakawa wanamnyima fungu, kumbe maskini hakuwahi kupata mkwe maishani mwake. Akafuata mzee Nathaniel wa kipindi cha watoto. Wakaonyesha kiti chake kitupu, na yule mwanasesere wake wa kitambaa amelazwa juu yake, na watu wazima waliokua naye wakainamisha vichwa. Kisha ikaja picha ya Antoni, ile aliyopigwa akiwa amevaa skafu, na chini yake wameandika: Mjomba Chenge, mtafsiri wa filamu, sauti ya Kanda ya Ziwa.

Nilidhani watacheka, maana Antoni alikuwa mtu wa kuchekesha. Filamu ya Kichina au ya Kihindi ikishapita mikononi mwake ilikuwa ya Kisukuma kabisa. Jambazi alitokea Usagara, polisi alidaiwa ng'ombe wa mahari, na hata mbwa alibweka kwa lafudhi. Lakini hawakucheka. Walipoweka kile kipande ambapo bibi mmoja wa Kichina anapita na kikapu chake, na ile sauti ikasema polepole, "Shikamoo mama Evelina wa Sengerema," banda zima liliitikia marahaba. Wanaume wenye ndevu walikuwa wanafuta macho. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo.

Nikurudishe nyuma kidogo. Unajua kwamba nilimfanyia Antoni kazi ya mitambo miaka kumi na moja. Yeye aliongea, mimi nikarekodi na kusafisha sauti. Wiki ya kwanza tu nilimuuliza kwa nini kila akitokea bibi kwenye filamu lazima amwamkie kwa jina lako. Akanieleza kwamba alipokuwa mdogo, akiingia nyumbani mbio bila kusalimia, ulimrudisha mlangoni, ukamtaka atoke nje kabisa, aingie upya na kuamkia vizuri. Siku moja ulimrudisha mara nne na ugali unapoa. Alisema tangu hapo hawezi kumpita mama wa mtu kimyakimya, hata akiwa ndani ya kioo. Nilicheka sana. Halafu nilipofika chumbani kwangu sikucheka tena, maana mama yangu mimi alifariki Muleba nikiwa darasa la tatu, na sikumbuki hata kama aliwahi kunirudisha mlangoni.

Siku ya mazishi ulinishika mkono ukanikalisha kando yako kwenye mkeka. Ukaniambia kwamba Antoni alikuudhi, kwamba miaka miwili hakukupigia simu hata mara moja, alikutumia ujumbe wa maandishi tu kama mtu wa benki. Lakini hukumnunia, ukasema, kwa sababu kila filamu mpya ilipofika Sengerema ulimsikia akikuamkia, na ukamwitikia kwa nguvu pale sebuleni, marahaba mwanangu, hadi mjukuu wako Rebeka akawa anakucheka. Kisha ukaongeza jambo ambalo halijanipa usingizi tangu Agosti. Ukasema miaka hiyo miwili ya mwisho shikamoo yake ilikuwa imebadilika. Zamani aliitupa tu akipita, lakini siku hizi aliisema taratibu, kama mtu anayengoja ajibiwe. Ukasema pengine alijua kwamba anakwenda. Ukaniuliza kama nadhani hivyo, na mimi nikakujibu ndiyo, mama, pengine alijua.

Nilikudanganya. Mama, haikuwa sauti yake.

Sauti ya Antoni ilianza kukwaruza mapema mwaka 2022, akasema ni vumbi la Buswelu. Mwezi wa sita madaktari wakakuta saratani ya koo. Alipomaliza mionzi, sauti ilikuwa imekwisha. Haikubaki hata ya kuombea maji ya kuoga. Alipokataa kukupigia simu, alikuwa hana cha kukupigia nacho. Wewe tulikwambia ni kifua, na ulipofika ile wiki ya mwisho ukamkuta na mpira kooni, tukakwambia madaktari wamemkataza kusema kwa muda. Watatu tu tulijua: yeye, Gladness na mimi.

Wazo la mimi kusema badala yake lilikuwa lake. Alinunua daftari la miraba, akawa anakaa kando yangu na kuandika maelekezo. Alinitania bila huruma. Aliandika kwamba jambazi wangu anaongea kama anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi, na kwamba sisi Wahaya hata tukiiba tunaiba kwa kujisifu. Nilimsikiliza miaka yote, nilijua anapumua wapi na anameza mate wapi. Baada ya miezi mitatu, Gladness alikuwa jikoni, akanisikia, akaangusha sufuria. Hapo Antoni akaandika kwamba sasa tuko tayari.

Filamu ya kwanza ilikuwa ya vita, hakuna mwanamke hata mmoja ndani yake, kwa hiyo nikaimaliza bila kukuamkia. Nikamchezea aisikie. Alisikiliza hadi mwisho, akachukua daftari akaandika kwa herufi kubwa: USIMSAHAU MAMA. ATAJUA NINAUMWA. Nikamwambia hakuna bibi humu, ni askari watupu. Akairudisha filamu nyuma mwenyewe mpaka kwenye nyumba moja yenye mlango wa bluu ambayo askari wanaipita wakikimbia, akaisimamisha hapo. Akaandika kwamba ndani ya nyumba hii kuna bibi, sisi hatumwoni tu. Basi nikauamkia ule mlango.

Zipo thelathini na moja, mama. Utazitambua kwa kava: zote zenye picha yake ya skafu ni zangu. Skafu yenyewe ilikuwa ya kuficha shingo. Zile zenye picha ya shati jeupe ni zake, kila neno, na hakuna mtu atakayekunyang'anya hizo. Kipande cha televisheni ni cha skafu. Yule mama wa televisheni aliponiomba mfano wa kazi ya marehemu, nilimpelekea viwili, kimoja cha shati na kimoja cha skafu. Cha shati kilikuwa na mkwaruzo wa zamani, akachagua kilicho safi. Nilikuwa nimesimama mbele yake na mdomo wangu mwenyewe, nikanyamaza. Kirumba ikamlilia marehemu kwa sauti ya mtu aliyesimama nyuma ya choo akiwa hai.

Ningeweza kuishia hapa na kusema kwamba nilifanya yote kwa ajili ya rafiki. Ingekuwa nusu ya ukweli, na wewe nusu huwa hukubali. Antoni aliniagiza nikuamkie. Hakuniagiza niseme taratibu. Hiyo taratibu uliyoisikia ilikuwa yangu. Kwa miaka miwili nilikuwa nasubiri filamu ifike kwenye bibi kama mtoto anayesubiri kengele ya kutoka, na nilipofika hapo nilifunga macho, nikasema shikamoo, halafu nikaacha nafasi ndogo. Nilikuwa najua mahali fulani Sengerema kuna mama anaitikia. Uliposema mwanangu, mimi nilichukua. Nilimwibia Antoni akiwa amekaa kando yangu, naye hakuweza kusema kitu. Hata baada ya kumzika nilikuwa naona uchungu kwamba sitakuamkia tena, na uchungu huo niliuonea aibu kuliko uongo wenyewe.

Kwa hiyo siwezi kuja na ile filamu. Siwezi kusimama kwenye kaburi la mwanao nikuamkie kwa jina lake mbele ya msalaba wake, na ukoo wote unaitikia, na kamera inachukua. Nimekosa mengi lakini hilo limenishinda.

Ninachoweza kukuletea ni hiki. Mwezi wa tano mwaka huu, asubuhi moja, Antoni aliniashiria niwashe mashine, nimwekee maiki, kisha nitoke nje. Niliporudi alikuwa analia. Akaandika neno moja kwenye daftari: Futa. Nikamwambia nimefuta. Sikufuta. Ni sekunde arobaini na moja, na nyingi ni pumzi. Si nzuri kusikia, mama, ni kama mtu anayekokota kiti juu ya saruji. Lakini ukiweka sikio karibu, karibu na mwisho, utasikia maneno mawili, na la pili ni mama. Hiyo ndiyo shikamoo aliyokuamkia mwenyewe, na hakuwa na nyingine baada ya hapo.

Nimeiweka kwenye memori kadi, nimeifunga ndani ya ukurasa wa daftari lake ule wenye mlango wa bluu, na vyote viwili vimo kwenye bahasha hii. Anakuletea Paulo, kaka yake Gladness, ambaye hajui kilichomo. Nakusihi usisikilize mbele ya watu mara ya kwanza. Ukishasikiliza, amua mwenyewe nini kisikike tarehe 14: hiyo, au moja ya zile za shati jeupe, au kusiwe na kitu. Ukiniruhusu, yule mama wa televisheni nitamweleza mwenyewe, kwa jina langu. Gladness anajua ninaandika. Amelia, kisha akasema nilichelewa.

Spika nitaileta vyovyote vile. Nitaikabidhi getini, na nisipokaribishwa nitarudi na kivuko cha jioni bila kinyongo.

Nisalimie Rebeka, mwambie asome sana Hisabati na asikucheke. Wasalimie wanajumuiya wote waliokesha nasi, na jirani yako aliyetupa turubai. Ukiona makosa ya maandishi humu, yapige kalamu nyekundu kama ulivyozoea, sitaona vibaya.

Mama, nimeingia nyumbani kwako kwa miaka miwili bila kubisha, kwa sauti ya mwanao. Sasa nimetoka nje kabisa. Nimerudi mlangoni, naingia upya, na sauti ni yangu, ya Kihaya na ya kukwaruza kidogo. Ukinyamaza nitajua. Ukiitikia, hata kama siko hapo kusikia, itanitosha.

Shikamoo mama.

Mimi,
Longino Kashaija