Nani Akae Ndani Akanyage Breki

Buzuruga, Mwanza
Jumapili, baada ya ibada

Mama Alinda wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka upande huu wa ziwa. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana nakujua, ukiisoma umesimama utaikatiza uende kutazama chungu jikoni. Goti la mama linaendeleaje? Senene wameanguka huko, au mwaka huu wanaringa? Mimi ni mzima wa mwili. Yaliyobaki ndiyo yamenifanya nishike kalamu badala ya simu. Kwenye simu unaniuliza nimekula nini, nakujibu wali na sato, tunacheka, tunaagana. Hatujawahi kufika mbali zaidi ya sahani.

Juzi uliniuliza kama uombe uhamisho uje kufundisha huku, nami nikakujibu, "Ngoja kwanza, mimi niko sawa." Ukanyamaza. Tangu siku ile nausikia ukimya wako, na leo nataka kukujibu vizuri. Ila lazima nianzie kwenye gari.

Gari ni lile lile tulilopanda siku ya harusi yetu, na breki ya mkono bado ina tabia zake unazozijua. Nyumba niliyopanga iko mlimani, imebanwa kati ya majabali mawili. Gari linaingia kwa pua, na kutoka ni kwa rivasi tu, hapana nafasi ya kugeuza hata toroli. Sasa wiki chache zilizopita rivasi ikaanza uvivu. Naweka gia, gari linafikiri kwanza, ndipo linashtuka na kurudi. Baadaye likawa linafikiri tu. Mbele linakwenda kama kawaida, nyuma halitaki kusikia. Nikafungua boneti, nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia, nikafuta, nikapima: imefika kwenye alama. Nikasema basi, giaboksi limezeeka kama mwenye gari.

Asubuhi lilipogoma kabisa nilikuwa natakiwa Magu kukagua mizani ya wanunuzi wa pamba. Nikaanza kulisukuma peke yangu, bega kwenye boneti, tai shingoni. Mzee Saidi, fundi cherehani wa nyumba ya pili, akatoka na futi yake ya kupimia nguo shingoni.

"Wewe baba, unasukuma gari au unasali?"

"Shikamoo, mzee. Limekataa kurudi."

"Marahaba. Mama Kulwa! Njoo, jirani anataka kuvunjika mgongo!"

Mama Kulwa, anayepika uji pale njiani, akaja na mwiko mkononi. Gari likarudi. Tangu siku hiyo ikawa desturi: napiga honi asubuhi, wanatoka, wananisukuma. Mama Kulwa alikuwa ananitania kwamba gari limekuwa zito, bila shaka nimeficha mkungu wa ndizi kwenye buti. Wakaanza kuniuliza mambo. Mke yuko wapi, mtoto anasoma wapi, kwa nini taa yangu inazimwa mapema hivyo. Mke wangu, nimekaa mtaa huu tangu kiangazi kilichopita, na hakuna aliyekuwa ameniuliza jina. Na mimi sikuwa nimemuuliza mtu. Nilikuwa natoka na salamu ya mbali, narudi nafunga mlango, nasikiliza bomba la jirani likidondosha maji.

Kwa hiyo sikuharakisha kwenda kwa fundi. Nilijiambia kazi zimenibana. Lakini mvua zilipoanza, njia ikateleza, na siku moja nikamwona Mzee Saidi ameshika kiuno baada ya kusukuma, akijifanya anakohoa. Hapo nikaona haya.

Fundi Jumanne, mwenye gereji karibu na stendi, alinisikiliza, kisha akauliza, "Oili ulipima?"

"Nilipima, ipo."

"Injini ikiwa inawaka?"

"Nilikuwa nimeizima."

Akacheka. "Mzee, hiyo siyo oili ya injini. Ukizima, yote inashuka chini, kijiti kinakudanganya. Inapimwa injini inanguruma, ina moto, na gia umezipitisha zote."

Nilikuwa najua, Mama Alinda. Hilo ndilo lililoniuma. Miaka yote tumefanya hivyo: wewe umekaa ndani, mguu kwenye breki, unapitisha gia moja moja hadi mwisho na kurudi, mimi nimeshika kijiti. Huku kwenye mteremko, na breki ya mkono ile isiyoshika, niliogopa kuliacha gari linanguruma bila mtu ndani.

"Sasa kama unajua?" fundi akauliza.

"Sina wa kukaa ndani," nikamwambia.

Akaacha kucheka. Kumbe sili, ule mpira unaozuia oili isitoke, ilikuwa inavuja pole pole, na giaboksi lilikuwa na kiu muda wote huo. Akabadilisha sili, akafungua sampo, lile bakuli la oili chini ya giaboksi, akaiosha, akaweka chujio jipya na oili safi ya gia. Tuna bahati, ndani hakujaungua. Kisha akainua boneti na kuniambia, "Ingia, kanyaga breki, pitisha gia."

Nikakaa kwenye nafasi yako. Sijawahi kukaa hapo kwa kazi hiyo. Kumbe mtu wa ndani haoni kitu! Anaona boneti tu imesimama mbele yake, anasubiri sauti. Miaka yote hiyo ulikuwa unaitazama boneti na kunisubiri, na hujawahi kulalamika.

Asubuhi iliyofuata niliweka rivasi, gari likarudi lenyewe, laini kabisa. Mzee Saidi akainua mkono kutoka mlangoni. "Limepona?" "Limepona, mzee." Akarudi kwenye cherehani yake. Mama Kulwa hata hakugeuka, alikuwa na wateja. Nilifika ofisini nikabaki ndani ya gari, machozi yakanitoka, mtu mzima na tai yake.

Basi jibu langu ni hili: siko sawa. Omba huo uhamisho. Mama tutazungumza naye nikija Krismasi. Akikubali aje nasi, chumba kipo. Akikataa kuiacha migomba yake, mdogo wangu Rwegasira yuko hapo hapo uani, atamwangalia.

Mpe mama shikamoo yangu, umkande goti. Msalimie shemeji yako Rwegasira, na mama yako mkwe wangu, mwambie gari la harusi yetu bado linatembea. Alinda akifunga shule umwambie baba anamkumbuka.

Ukisikia honi yangu getini, usikimbilie mizigo. Sitazima injini. Ingia ndani, ukanyage breki, mimi niko kwenye boneti.

Mumeo anayekuhitaji,
Baba Alinda