Meza ya Maua

2 Mei 1983

Mke wangu mdogo,

Pokea salamu za mume wako asiye na meno. Natumaini u mzima, pamoja na wanakwaya wako wote, hata yule wa besi anayekoroma wakati wa mahubiri. Mimi kifua kimekataa dawa. Mama yako ananiegemeza huku kwake kwa mito mitatu kama mfalme, ila mfalme huyu kikombe cha chai kinamshinda kukiinua.

Umeniomba historia ya kanisa letu kwa ajili ya jubilii ya miaka hamsini ya jengo la mawe. Chukua lile daftari la mikutano ya robo mwaka. Nililiandika kwa mkono wangu miaka thelathini na moja nikiwa katibu. Humo utamkuta mwinjilisti wetu wa kwanza, aliyefika na Biblia, kitabu cha nyimbo na kiatu kimoja kizima. Utaliona kanisa la nyasi, kisha hili la mawe.

Ndani ya bahasha hii nimetia nyingine iliyobandikwa gundi. Usiifungue mpaka nizikwe. Niahidi. Na meza yangu ya maua, pale mbele kanisani, isisogezwe.

Babu yako


21 Mei 1983

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Kikombe kikikushinda, mwambie mama akunyweshe, acha kiburi. Huku hatujambo. Wa besi bado anakoroma, ila sasa anafuata noti.

Nimeahidi. Bahasha nimeifungia kwenye sanduku la vikombe vya Meza ya Bwana. Mwenyekiti wa akina mama alinikuta nikiiweka.

"Kuna nini humo?"

"Wosia wa babu."

"Mzee wa Maua ana nini cha kurithisha zaidi ya ukali?"

Tulicheka sana. Anasema alipokuwa msichana ulimfukuza kwa ufagio kwa sababu aliegemea meza yako.

Historia inakwenda vizuri. Nimenakili maneno yako ya mwaka 1933: "Kisima cha zamani, kilichopo ndani ya kiwanja cha kanisa jipya, kimefukiwa kwa mawe na udongo mpaka juu. Wote wameafiki." Ni kile kisima walichobatiziwa waumini wa kwanza? Niambie zaidi.

Sasa usinune: meza ya maua tumeihamisha. Fundi anajenga jukwaa la ngazi tatu pale pale, mbele kushoto, ili wanakwaya arobaini waonekane. Ukiimba pale, sauti inavuma kutoka chini. Fundi anasema, "Sakafu yenu inajua kuitikia." Kwenye ufa wa sakafu pale tumefagia unga wa mchwa, karibu nusu ndoo. Jubilii ni tarehe 26 Juni.

Mjukuu wako


6 Juni 1983

Mjukuu wangu,

Leo sina utani. Barua yako imefika jana. Nilipomaliza kuisoma, mama yako alidhani nimekata roho.

Kisima hakikufukiwa. Kipo chini ya jukwaa lenu, pima tisa, kama mita kumi na sita, kwenda chini.

Mkuu wa mzunguko wa makanisa yetu aliagiza kifukiwe kabla hajaja kuzindua kanisa. Mama wazee wakagoma. Walikuwa wamebatizwa kwa maji yale. Mkubwa wao alikaa ukingoni akasema, "Kisima hakizikwi kikiwa hai. Mkitaka, anzeni na mimi." Nani angemtupia mama yake udongo? Tukapatana. Seremala akang'oa mbao za mabenchi ya kanisa la nyasi, akazipanga juu ya mdomo wa kisima, tukamwaga saruji unene wa vidole viwili. Mama wazee wakaridhika kwamba kipo. Mkuu akaridhika kwamba hakionekani. Mimi nikaandika uongo ule, wote wakaafiki.

Seremala aliniambia, "Katibu, mbao hizi nakupa miaka ishirini. Baada ya hapo, omba Mungu." Imepita hamsini. Nikaweka meza nyepesi ya maua pale, nikawa mkali kwa kila aliyeikaribia, watu wakadhani napenda maua. Wenzangu wamekufa mmoja mmoja na siri yao. Nami nilitaka nife nikiitwa katibu mwaminifu, ndipo usome. Hayo ndiyo yaliyomo kwenye bahasha. Mtu mzima mimi, nilithamini jina langu kuliko miguu yenu.

Jukwaa livunjwe. Mtu asikanyage pale, hata kwa kufagia. Isome barua hii mbele ya wote, nami nitukanwe. Simu ya upepo haifiki kwenu, lakini barua huchukua wiki mbili. Itakuwahi kabla ya tarehe 26. Nijibu upesi, hata mstari mmoja.

Babu yako


Jumamosi, 11 Juni 1983

Mume wangu mzee,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Jibu lako bado liko njiani. Nahisi umeninunia kwa ajili ya meza.

Askofu anasafiri mwisho wa mwezi, hivyo jubilii imewahishwa. Ni kesho. Historia yako itasomwa kwanza, na kile kipande cha kisima nimekiacha kama ulivyokiandika. Kisha sisi.

Leo tumefanya mazoezi tukiwa kumi na wawili tu, wengine wanapiga pasi sare. Ufa umefunguka kidogo, fundi ameupaka saruji na kuutandikia zulia. Kesho tutajaa arobaini, pamoja na kinanda. Mimi nitasimama ngazi ya chini, katikati.

Mwenyekiti wa akina mama ananisumbua tuifungue bahasha, labda ina baraka ya kusoma kesho. Nimekataa. Sijaigusa, babu. Gundi yako iko vile vile.

Nitakuandikia Jumatatu nikusimulie tulivyoimba.

Mjukuu wako