Sura Yako Kwenye Chupa

Tata Harilal,

Huna kaburi hapa Kolwezi; majivu yako yalirudishwa kwenu Gujarati. Kama ungekuwa nalo, ningesimama pale nikakusema kwa sauti. Sasa nakuandikia, nami nimekasirika.

Mwanao anauza dawa yako ya kikohozi sokoni Kasulo, katika chupa zenye sura yako. Yeye hamshiki mtu mkono. Hamwulizi mtu amekula nini wala amelalaje. Wewe ulikataa kuitwa daktari, ukakataa kuitwa mganga. Ulisema wewe ni vaidya, tabibu wa jadi wa Kihindi, kama baba yako na babu yako, na vaidya huanzia kwenye mapigo ya mkono: wa kulia kwa mwanamume, wa kushoto kwa mwanamke, vidole vitatu, asubuhi mgonjwa akiwa hajala. Matajiri wa madini walipokuja na haraka zao, uliwajibu kama ulivyowajibu wachimbaji: "Mukono kwanza, dawa nyuma."

Nilikusagia mizizi miaka kumi na tisa. Kila nilipokuomba unifundishe kusoma mapigo, ulisema elimu hiyo ni ya mwanao. Basi mtazame.

Dada yangu Ngoie, aliyeosha mawe ya wachimbaji hadi kifua kikachoka, alimaliza chupa nne huku akikataa hospitali. Nilimgombeza. Akanyoosha kidole kwenye picha yako: "Tata Harilal hakunidanganyaka hata siku moja. We ni nani?"

Swali lilikuwa la haki. Mimi ni msaga mizizi.

Juzi nilifika kwake kabla hajanywa chai. Nikamshika mkono wa kushoto kwa vidole vitatu, nikafumba macho, nikanyamaza kwa muda uleule uliozoea kunyamaza wewe. Sikuelewa kitu, kwa kuwa hukunifundisha. Ndipo nikasema yale uliyowaambia wote waliokuletea kikohozi cha vumbi la mgodi: "Mizizi yangu haifiki hapa. Nenda ukapigwe picha ya kifua."

Ngoie alinitazama sana. Kisha akaomba viatu vyake.

Amelazwa. Madaktari hawajasema kama tumechelewa.

Sikuombi radhi kwa kuiga vidole vyako. Kesho nitasimama mbele ya meza ya mwanao, na kila atakayekuja akikohoa nitamshika mkono kabla hajaishika chupa. Sitampa dawa. Nitamwonyesha njia ya hospitali, kwa maneno yako. Hilo nakuahidi.

Pumzika, Tata, kama unaweza kupumzika huku ukiuzwa.