Onyesho letu lenye sauti za watu wengine

Tunduma, Jumapili, Julai 2011

Baridi ya leo inauma mpaka kwenye meno, na upepo umeingiza ndani vumbi lote la foleni ya malori. Sijaenda kanisani. Sina moyo wa kuimba wala wa kusikia mtu akiimba.

DVD ya onyesho letu la Pasaka imetoka. Ndiyo, ile niliyoitangaza hapa mpaka mkanichoka: bendi ya roki ya Tunduma imejilipia yenyewe kurekodiwa, kwa jasho lake, watu wakatazame nyumbani. Siku ile ukumbi ulijaa madereva waliokwama mpakani wakisubiri karatasi zao. Wazambia walikuwa wakipaza sauti "bwekeshapo", yaani turudie, na wimbo mmoja tukaurudia mara tatu. Baba Tumaini, mpiga besi wetu, alicheka mpaka akakosea nyuzi.

Mwezi uliofuata aliugua siku tisa, tukamzika.

Kwa hiyo jana nilipoiweka ile DVD sikuwa natazama muziki, nilikuwa namtafuta rafiki yangu. Nikamwona. Anatokea katikati ya kopa jekundu lililozungukwa na maua. Midomo yetu inaimba, vidole vinakimbia, na sauti inayotoka ni bongofleva ya mapenzi, ile inayopigwa maharusi wakiingia ukumbini. Ukiisha wimbo huo unakuja mwingine wa aina hiyohiyo. Dakika hamsini nzima.

Nikamkimbilia Hamisi, aliyeturekodi. Kwa video za harusi hapa mjini hana mpinzani. Hakuona kosa lolote. "Kaka, magita yalikuwa yanakwaruza, ngoma zinapasua masikio. Nimekusafishia kazi, nikakuwekea nyimbo nzuri." Nikaomba kanda zenyewe. "Zile nimesharekodia harusi ya Vwawa. Ninazo tatu tu, nazizungusha."

Nilitaka kumtukana, nikageuka nikaondoka. Harusi zote anazifanya hivyo: sauti ya ukumbini anaitoa, anaweka muziki. Na ni mimi niliyemwambia, "Fanya kama unavyofanya za harusi, kazi zako nazikubali." Nilikuwa na haraka ya kuitwa msanii. Hata siku moja sikukaa naye kwenye kompyuta. Majuto ni mjukuu, na wangu ameshahamia na mizigo yake.

Hatukuwahi kurekodi kitu kingine. Besi ya Baba Tumaini haipo tena popote.

Leo mchana mjane wake amekuja na mtoto kutazama. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia kabla sijawasha.

Nikawasha.

Mama Tumaini hakuwahi kuja kwenye maonyesho yetu. Kwake roki ilikuwa makelele ya watu wasio na kazi, na waligombana sana kwa ajili ya lile gita. Leo ametazama yote. Tumaini, ambaye hajafikisha miaka minne, amecheza mbele ya televisheni huku akimwonyesha baba yake kwa kidole. Ilipoisha, mama yake akajifuta machozi kwa kanga.

"Kumbe alikuwa anapiga vizuri hivi, shemeji. Na mimi nilikuwa namsema kila siku."

"Alikuwa anapiga vizuri," nikajibu.

Sikusema uongo. Nimejiambia hivyo mara kumi tangu waondoke, na bado sijaamini. Naona aibu, na chini ya aibu naona uchovu tu.

Ameniomba nakala ya mama mkwe wake kule Isongole. Bibi huyo ndiye aliyemsikiliza mwanawe tangu akijifunza kwenye gita la galoni, miaka na miaka, jikoni kwake. Yeye hadanganyiki. Atasikia nyimbo mbili, atageuka kumtazama mkwe wake, na mkwe wake atajua kwamba bado hajawahi kumsikia mumewe, na kwamba mimi nilikuwa nalijua hilo.

Nakala nimeshaichoma kwenye DVD tupu. Gari la Isongole linaondoka kesho saa mbili asubuhi, na Mama Tumaini amesema ataipeleka mwenyewe. Nina muda wa kutosha wa kumwambia ukweli.

Najijua.