Konje ya Kukulilia

Papa Neema,

Wamenipa konje. Siku saba. Shefu wa kituo cha afya aliandika mwenyewe, akagonga muhuri: "Mama, enda nyumbani, upumzike." Sikuomba. Mwanamuke akifiwa na bwana yake, wanamupa. Bwana akiwa muzima, nani anakupa konje ya kukaa naye? Na mimi, yee, sikuwahi kuiomba.

Wewe ulikuwa unaomba. Unasimamisha Fuso yako hapa Mushaki mbele ya kituo, motere inaunguruma, umebeba chumvi na sabuni za watu wa Walikale. "Mama Neema, utafute siku moja tu, tuikale pamoja nyumbani." Nakujibu na glovu mikononi: "Ngoja nipate konje." Kisha mama mwenye uchungu ananiita ndani, narudia mbio. Unapiga honi, unaenda. Ndoa ya miaka kumi na moja, tuliifanyia pembeni ya barabara.

Siku gari lilipinduka nawe kwenye ule mupando wa matope, nilikuwa nazalisha. Walingojea nimalize, njo wakaniambia.

Kwenye kilio madereva wenzako walisimulia. Eti wewe njo ulikuwa unachekesha watu wote kwenye bariere, pale magari yanasimamishwa. Eti ulikuwa unaimbaka, na katika kila wimbo unatia jina langu. Watu walicheka na machozi, wakaniangalia mimi, bibi yako, nicheke nao. Mungu wangu! Mimi sikuwahi kukusikia ukiimba. Binti yetu alizijua zile nyimbo zote, aliimba pamoja nao. Mimi nilikaa kwenye mukeka sawa mugeni aliyepita kutoa pole. Nilisikia wivu, nikuambie ukweli. Wivu juu ya watu wa bariere!

Leo ni siku ya tano. Neema akienda masomo, nyumba inanyamaza mupaka nasikia kuku wa jirani wakiparua nje. Nafagia pale nimeshafagia. Jana nilishindwa, nikavaa bluzi yangu nyeupe, nikarudia kazi. Shefu alinifukuza mulangoni: "Konje yako haijaisha." Nililia njia nzima, watu wakiniangalia.

Nilikuwa nasema wakati hakuna. Kumbe wakati ulikuwako, niliugawia watu wote, nikakuruka wewe. Unisamehe, bwana yangu.

Mchana huu Neema alirudi na kaye yake ya kuandikia masomo, akasimama nje ya mulango, akabisha hodi. Nyumbani kwao! "Mama, uko na wakati?" Aliuliza kwa heshima, vile wagonjwa wananiulizaka. Nilimuambia aingie, lakini bado alisimama, hakuniamini.

Kwa hiyo nakuahidi hili moja: nikirudi kituoni nitamuambia shefu kwamba saa ya masomo kuisha, mimi naenda nyumbani. Hata akatae, ataniona mulangoni natoka vilevile.

Ulale salama, Papa Neema. Nilikupenda, hata kama sikukaa. Nilitaka kukuandikia mengi, lakini mutoto ananiita tena. Naenda.

Mama Neema