Jua Limefunga Safari

Mgori, 18 Novemba 1974

Mjukuu wangu Felista,

Kabla ya salamu nitaje kosa, maana ni la watu wengi, nawe umo: kudhani nebula ya sayari, lile wingu la gesi angani, ina sayari ndani yake. Waliozitazama zamani kwa darubini ndogo waliona viduara vyenye mwanga hafifu, wakavifananisha na sayari, na jina likabaki.

Sasa, hujambo? Sisi wazima, ila bibi yako na magoti.

Waambie wanafunzi wako wa darasa la saba hivi. Nyota kama jua huishi kwa haidrojeni iliyo moyoni mwake. Ikiisha humo, nyota huvimba, ikawa nyekundu. Kisha hujivua ganda baada ya ganda, kama kitunguu. Maganda ni gesi, huenea mbali, nayo ndiyo nebula yenyewe. Kiini kinachobaki ni kidogo kama dunia, lakini cha moto mno, na mwanga wake huyafanya maganda yale yang'ae. Huo ndio uzee wa nyota.

Babu yako,
Mughwai

Mtinko, 4 Desemba 1974

Shikamoo Babu, na Bibi shikamoo. Mimi mzima, ila nimeleta balaa.

Niliposema "sayari", watoto walisikia "safari". Wakatangaza nyumbani kwamba jua limezeeka, limefunga safari. Kesho yake shamba la kijiji lilikuwa na watu wanne tu. Katibu wa kijiji akaniita: "Mwalimu, mvua imenyesha na umesimamisha mtama wa kijiji kizima. Wasiporudi wote kabla ya Krismasi, nakuombea uhamisho."

Nikamenya kitunguu mkutanoni, nikaeleza upya. Mama Dina akasema, "Kumbe hata jua likizeeka linavua nguo? Basi mzee wangu haumwi." Wakacheka, wakachukua majembe.

Amebaki Mzee Alute, na ukoo wake wote unamngoja yeye. Anasema msichana wa miaka ishirini hawezi kulidhamini jua. Aandike mtu mwenye mvi.

Mjukuu wako,
Felista

Mgori, 10 Desemba 1974

Felista, hujambo mama? Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, maana bibi yako alidai kicheko chake.

Usimkasirikie Alute. Alisikiliza vizuri, neno ndilo lililomfikia bovu. Neno jipya huandikwa ubaoni kwanza, ndipo litamkwe.

Mwambie mimi Mughwai, niliyetahiriwa naye mwaka mmoja, nalidhamini jua. Lina miaka milioni elfu tano mbele yake. Mtama unataka miezi mitano.

Msomee barua hii leo, kisha mpe jembe.

Babu yako,
Mughwai